Kiti cha Maharusi Kutoka Dubai

Jumatatu, 3 Februari

Nimefika Dubai! Mimi, Saady Tamimu, mpambaji wa kumbi za harusi, Kasulu mjini! Ndege haikuanguka. Naandika hilo kwanza kwa sababu tangu Dar es Salaam nilikuwa na wasiwasi nalo.

Kilichonileta ni kimoja tu. Bi Mwamvua, mwenye duka la vitenge, anamwoza binti yake Asmahani Jumamosi ya tarehe 22, kabla ya Ramadhani. Anataka kiti cha maharusi ambacho hakijawahi kuonekana kuanzia Titye hadi Kumsenga. Atakayekileta ndiye atakayepamba harusi. Na anayepamba harusi ya Bi Mwamvua hupamba za mji mzima! Nikikosa, mapambo yangu ndiyo yamekwisha. Tangu kiti changu cha zamani kivunjike bwana harusi akiwa juu yake, watu wananikwepa. Shemeji ameshaniandalia nafasi dukani kwake. Kuuza sabuni.

Habari mbaya: mpambaji mwenzangu, Nurudini wa Kibondo, alikuwa kwenye ndege hiyohiyo, safu mbili nyuma yangu. Huyo ndiye aliyewachukua wateja wangu wote. Tulisalimiana kwa Kiha, salamu kamili, mikono imeshikana, hadi watu wakatuomba tupishe njia. Akasema amekuja kuonana na daktari wa macho. Nikasema nimekuja kumtembelea binamu. Macho yake hayana tatizo lolote. Mimi nami sina binamu Dubai.

Jumanne, 4 Februari

Lo! Lo! Nimeuona mji ndani ya nyumba!

Ni jumba moja la maduka ya bei poa, nje kidogo ya mji. Ukiingia mlango wa kwanza asubuhi, mlango wa mwisho unaufikia mchana. Kasulu mjini yote ingeenea humo na nafasi ikabaki. Baridi kama ya Juni kwetu. Kuna mtaa mzima wa mapazia! Mtaa wa taa! Duka la maua ya plastiki, nikayanusa kabla sijajua. Ngazi zinazopanda zenyewe nimezipanda mara nne. Mara ya tano mlinzi aliniuliza kama natafuta kitu.

Kisha nikakiona. Dhahabu tupu! Mgongo umechongwa mfano wa mkia wa tausi, kitako cha mahameli nyekundu, upana wa watu wawili na mashela yao. Kinafunguka vipande vipande. Kimebaki kimoja, na kibao cha punguzo kimebandikwa juu. Moyo ulinidunda hadi nikakaa. Nilikaa juu yake.

Muuzaji ni dada Mkongo, anaitwa Nadège. Amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, jirani na kwetu! Aliposikia Kasulu alipiga kelele, akaniuliza kama mvua imenyesha vizuri. Nikajua mambo yameiva. Nikaomba anipunguzie.

"Papa, bei ni ile iko pale," akasema. "Haishukake."

Nikatabasamu. Mimi ni mtoto wa soko. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu: nikatikisa kichwa, nikaguna, nikaondoka taratibu, nikisubiri kuitwa. Hatua kumi. Kimya. Hatua ishirini. Kimya. Nikainama kufunga kamba za viatu, ingawa nilivaa kandambili. Kimya. Nikajikuta nje ya jumba, juani. Niliporudi ndani sikuliona tena duka. Nimelitafuta saa tatu nzima.

Jumatano, 5 Februari

Nimelipata duka. Nimeondoka tena taratibu. Safari hii Nadège aliniita! Niligeuka na furaha yangu yote. Nilikuwa nimesahau kofia.

Sijali. Anayeuza lazima ataita, ni suala la kuwa mvumilivu. Hata akina mama wa nyanya pale sokoni huniacha nifike barabarani kwanza.

Jioni nikamkuta Nurudini hotelini, ameshika karatasi ya matangazo ya jumba lilelile. Ananyatia kiti changu! Nikamweleza kwa huruma kwamba viti vya harusi havipo huko tena, vimehamishiwa jumba jingine, mbali, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nikamchorea na ramani. Alinishukuru sana. Akaniombea dua. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 6 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye chakula.

Ghorofa ya juu ya jumba ni chakula kitupu. Vibanda arobaini! Wahindi, Wachina, Waarabu, Wafilipino, kila mtu na jiko lake, na katikati bahari ya meza. Nilikaa nikisubiri mhudumu kwa nusu saa. Kumbe unajiendea mwenyewe! Nikachukua biriani ya mbuzi, sambusa sita, kuku nusu, na juisi ya embe kubwa kama ndoo. Nikachagua meza ya ukingoni, ambapo nikitazama chini naliona duka la Nadège. Mpango ulikuwa nile, nishuke, niombe punguzo mara ya mwisho, niondoke mara ya mwisho, niitwe.

Sasa, mtu mzima hali peke yake, mwenzake akipita asimkaribishe. Alipita mzee mmoja mnene mwenye ndevu nyeupe, akaiangalia sahani yangu. Nikamkaribisha kwa Kiingereza changu, nikamwonyesha chakula kwa mkono. Kwetu mtu hujibu asante, nimeshiba, akaenda zake. Hata kama hajala tangu jana!

Mzee akakaa.

Sio kukaa tu. Aliinua mkono akawaita mkewe, binti zake wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Walikuwa na furaha isiyo kifani. Walinishika mikono. Sijui ni wa nchi gani. Biriani ikaisha, kuku akaisha. Mzee akanionyesha picha za nyumba yake, ng'ombe wake, na kaburi la baba yake. Mjukuu mdogo akapanda mapajani kwangu, akasinzia.

Nikatazama chini. Nurudini yuko dukani kwa Nadège! Nikataka kuruka. Mtoto amelala! Bibi yake akaniashiria nisimwamshe. Nikaona kwa macho yangu Nurudini anasoma bei. Nikaona anatoa pesa. Hakuondoka hata hatua moja! Kalipa bei ya kwenye kibao kama ilivyo! Mfanyabiashara gani huyo?

Alipanda juu na toroli lake, maboksi mawili marefu na moja dogo. Alipopita mezani kwangu, mdomo wangu wenyewe ukasema karibu. Akakaa. Yeye desturi anaijua vizuri, alikaa makusudi. Amekula sambusa ya mwisho. Akasema ramani yangu ilimfikisha kwenye gereji, mafundi wakamrudisha huku. Akanipa pole, akasema labda waliohamisha viti walivirudisha.

Sabuni! Naisikia harufu yake kuanzia hapa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepata akili uwanja wa ndege! Mizigo ya Nurudini ilizidi kilo. Alikuwa anahangaika, jasho linamtoka. Nikajitolea, kwa moyo mweupe, kumbebea boksi dogo. Nililichagua mwenyewe, kwa sababu limechorwa miguu minne ya kiti.

Kiti bila miguu ni godoro! Atanitafuta. Tutaongea kama wanaume. Nusu ya harusi, au hapati kitu. Nilikuwa na furaha hadi nikamsaidia na begi la mkononi.

Jumatano, 12 Februari

Kasulu. Boksi liko chini ya kitanda. Nilimpigia Nurudini nikamwambia limepotelea njiani, sauti yangu ikatetemeka vizuri. Kisha akasema nisijali, mizigo hupotea. Nikasubiri abembeleze. Hakubembeleza.

Leo nikaenda kwa Bi Mwamvua kumwambia kwamba kiti cha Nurudini kina kasoro, lakini mimi ninaweza kuokoa jahazi. Hakuniacha nimalize. Alisema Nurudini alishafika, akamweleza kila kitu: jinsi nilivyombebea mzigo bila kuombwa, na kwamba mtu yeyote asinilaumu. Na kwamba siku ileile ya simu yangu fundi seremala Kipriani alishaanza kuchonga miguu mipya ya mninga.

"Saady, mwanangu, kumbe una utu hivyo," akasema. Akanipa chai.

Nilishindwa kuinywa. Aibu tupu! Nilikaribia kusema ukweli, wallahi, mdomo ulikuwa wazi. Akaleta maandazi, wazo likapita.

Jumamosi, 22 Februari

Harusi gani hii! Asmahani kameremeta, mji mzima umejaa! Kiti kimesimama juu ya mninga wa Kipriani imara kuliko jengo la serikali. Watu walipanga foleni kukipiga picha. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na masufuria, nikiiaga kazi yangu. Nilikuwa na uchungu, sitaficha.

Nurudini akanifuata hukohuko. Akasema Kibondo ni mbali, anahitaji mtu wa Kasulu, mtu anayemwamini. Tupambe pamoja, nusu kwa nusu. Bi Mwamvua ametupatia na harusi ya Kumsenga mwezi wa Shawali. Nilimkumbatia. Nimelia mbele ya wapishi! Shemeji atafute mwingine wa sabuni!

Jumapili, 23 Februari

Nimekuwa mtu mpya. Nimemwapia Nurudini ukweli na uaminifu. Yeye amerudi Kibondo, akaniachia kazi ya kuandikisha bango la biashara yetu, majina yote mawili.

Limependeza! SAADY, kwa dhahabu, herufi za urefu wa mkono. Na Nurudini yupo, chini kulia, mtu akisogea anamwona. Namba ya simu ni moja tu, ya kwangu, ili kuepusha usumbufu.

Saa kumi simu ya kwanza imelia! Mama mmoja wa Titye, anaoza watoto wawili siku moja. Amesikia habari za kile kiti. Akasema mimi hanijui, anataka kuongea na Nurudini mwenyewe, yule mwaminifu.

Nikamwambia anaongea naye.