Malalamiko Dhidi ya Ukaguzi wa Nyayo za Baba

Kwa Muuguzi Kiongozi,
Kliniki ya Kisukari.

Mheshimiwa Sista,

Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yako ni wajibu zaidi kuliko bahati.

Mimi ni kifungua mimba wa yule fundi cherehani mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyehudhuria somo lako la utunzaji wa miguu mwezi uliopita. Ni mhitimu wa falsafa, daraja la juu. Nalitaja hili si kwa majivuno, bali ujue kwamba malalamiko haya yanatoka kwa mtu aliyezipima pande zote mbili kabla ya kuamua kuwa upande wenye haki ni wake.

1. Ulimwagiza baba azikague nyayo zake kila siku, na akishindwa atafute msaidizi. Baba haoni vizuri, na tumbo limeweka mpaka kati yake na vidole vyake. Mama ana magoti mabovu. Dada yangu ana ajira. Akabaki mwenye nafasi. Sasa kila asubuhi, kabla sijaonja chai, naitwa: "Msomi! Miguu iko tayari!" Napiga magoti na kupekua unyayo mmoja baada ya mwingine, hadi katikati ya vidole, huku dada akiuliza kutoka jikoni kama matokeo yametoka.

2. Maji ya baba hupimwa joto kwa kiwiko, kwa kuwa miguu yake imekufa ganzi na haijui moto wala baridi. Kanuni hiyo siipingi. Napinga tu kwamba kiwiko ni changu. Ukataji wa kucha nao umekuwa mtihani: ulisema zikatwe kwa mstari ulionyooka, nawe ulimwambia hayo fundi! Husimamia kila kidole akiwa na tepu shingoni: "Nyoosha hapo! Unakata kucha au kola?"

3. Neno lako limekuwa sheria ya nyumba, na sasa linawafikia wapita njia. Juzi mteja alikuja kupimwa suruali, akaamriwa avue viatu kwanza. Hakupimwa kiuno hadi alipofundishwa kuwa mafuta hupakwa unyayoni, kamwe si katikati ya vidole. Mtu yule ni mzima wa afya. Suruali yake imekamilika, mwenyewe haonekani.

4. Hili ndilo kubwa. Kwa miaka thelathini baba ameendesha cherehani peku. Husema kanyagio lisiposikika unyayoni, mkono nao hukosa habari. Wewe ukamkataza kukanyaga chini bila viatu. Amevaa raba, na tangu hapo mshono wake unakwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Suti yangu ya usaili ina mkono mmoja mrefu, uliowahi kazini kuliko mwenzake. Wasaili waliniuliza, kwa huruma, niliumia lini.

Kwa mantiki, Sista, mguu usiohisi maumivu hauna lalamiko. Nyumbani kwetu anayehisi maumivu ni mimi. Basi mgonjwa ni mimi. Nilimweleza baba hoja hiyo leo asubuhi kwa muda wa vikombe viwili vya chai. Akajibu, "Sista amesema." Nikamwonyesha kwamba kumtaja mkubwa si kutoa hoja. Kwa mara ya kwanza tangu nihitimu, baba amenikubalia: amevua raba, amekaa kwenye cherehani, nami sikukagua hata kidole.

Naomba basi uthibitishe kwa maandishi kwamba saa za kazi atakuwa peku, na kwamba ukaguzi utafanyika mara moja kwa mwezi, na mtu mwenye elimu ndogo zaidi.

Wasalimie wauguzi wote, daktari, na yule mzee wa mapokezi anayeita majina kana kwamba anatoa hukumu.

Wako katika kutafuta haki,
Mtoto wa Fundi (Shahada ya Falsafa)

Nyongeza: Nilipoingia chumba cha kazi kutafuta bahasha, niliona madoa mekundu sakafuni, kutoka kwenye cherehani hadi kwenye meza ya pasi, na kurudi. Baba alikuwa akishona huku akiimba. Niliinua mguu wake bila kuitwa. Kipande cha sindano kimezama kisiginoni. Nikamwuliza kimeingia saa ngapi. Akaniuliza, "Kitu gani?"

Hakuhisi chochote, Sista. Mshono, nakiri, ulikuwa umenyooka.

Sijakichomoa. Nimefunga kisigino kwa kitambaa safi, nikambeba yeye na uzito wake wote hadi kwenye gari. Haya nayaandika kwenye benchi lenu. Tafadhali usiisome barua hii kuanzia juu. Anzia hapa, kisha utoke mlangoni: sisi ni wale wawili wa mwanzo kwenye benchi, mmoja mnene, na mmoja aliyemshinda kwa hoja.