Tarumbeta ya Sikukuu ya Kaisari

Jumatatu, 20 Januari 1913. Dodoma.
Jua kali. Wiki ya tatu bila tone la mvua. Sisi wanafunzi kumi na tisa wa shule ya walimu tulikuwa tukipalilia uwele wa shule, nami, mwenye miaka arobaini na minne na kiuno cha sabini, nikiwa wa mwisho kama kawaida. Akaja Mwalimu Abbasi wa bendi. Akauliza nani anajua tarumbeta. Mpigaji atasamehewa jembe mpaka sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani, Jumatatu ijayo. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe! Nikasema nilipata kuwapigia askari Bagamoyo. Bagamoyo nilifika mara moja, na pembe ya ndovu begani.

Jumatano, 22 Januari.
Raha! Kivulini! Tarumbeta ni mbili: yangu, na ya Matonya, kijana wa Mpwapwa, fundi kweli. Yangu nimeisokomeza kitambaa. Matonya anapiga, mimi navimbisha mashavu. Mwalimu kasema tunapatana kama mapacha. Matonya kaniuliza, kwa adabu zote, Mzee Makame, mbona yako haitoi hata mate? Nikamwambia ndio ufundi wa pwani huo.

Jumamosi, 25 Januari.
Balaa! Matonya kaenda kurina asali, nyuki wamemuuma mdomo. Umeumuka kama andazi. Nitapiga peke yangu! Nikasema naumwa tumbo. Mwalimu akasema tarumbeta haipigwi kwa tumbo. Akaongeza kwamba kama nimemdanganya, nitafunga mzigo wangu na kwenda zangu siku hiyohiyo. Na mke wangu Adija ameshawatangazia mashoga zake wote kuwa mumewe ni mwalimu! Nikirudi na mzigo, heri nihamie stesheni.

Jumatatu, 27 Januari.
Wazungu vitini, Bwana Mkuu wa boma mbele, wazee wa Kigogo kando yao, sisi mstarini. Kitambaa nikasahau kukitoa! Nikapuliza kwa nguvu za ukoo mzima. Kikachomoka, kikatua juu ya kofia ya Bwana Mkuu. Nyuma yake ukafuata mlio wa ng'ombe anayezaa kwa shida. Mwalimu akanijia, macho mekundu. Nikaanza kufunga mzigo moyoni: kanzu mbili, kikoi kimoja.

Ngurumo! Kisha mvua, ya kumwagika! Wazungu wakakimbilia barazani, wazee wakakimbilia kwangu. Wakasema tangu wazaliwe hawajaona mleta mvua mwepesi hivi. Bwana Mkuu akacheka mpaka akakohoa, akamwambia Mwalimu aniache nisome. Nimepona! Nimepona, Alhamdulillahi! Sidanganyi tena maishani. Nimeandika, nisije nikasahau.

Alhamisi, 30 Januari.
Mvua haijakatika. Uwele unaogelea, bweni linavuja, tunalala tumekaa. Leo tukiwa darasani kaja mzee mmoja wa wale, kalowa chapachapa, kaburuta kondoo mweusi wa tambiko. Akasema ahsante mwanangu, sasa yatosha. Je, aliyeileta anaweza na kuizuia? Matonya, mdomo umeshapungua, akaninong'oneza, Mzee Makame, chondechonde, mkono chini!

Nilimsikia. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kufika juu. Nikamweleza mzee kwamba ile ya kuleta mvua nilibahatisha tu. Kuizuia ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.