Nepi Kumi na Mbili Pangoni

Jumatatu, 3 Juni
Mtafiti wa mapango anakuja Ijumaa. Mwenyekiti ametangaza kwamba atakayemfikisha chumba cha mwisho cha pango la mlimani ndiye atakuwa mwongozaji wa wageni siku zote. Mwongozaji hubeba taa, na mtoto mgongoni hakatazwi. Nikikosa, wiki ijayo naanza kazi kiwandani, na mwanangu wa miezi kumi atashinda na bibi yake. Bibi yake ni mtu mwema. Ila hamwimbii.

Nimejiandikisha. Penye uzoefu nimeandika: wa kutosha. Nimefika mlangoni mwa pango mara mbili. Mara moja nilikuwa nakimbia mvua.

Wifi naye kajiandikisha. Tangu utoto huingia humo kutafuta mbuzi waliopotea. Kanionya: ndani hakuna vibao vya kuonyesha njia, wifi yangu. Nimemshukuru. Kanipa wazo bila kujua.

Jumanne, 4 Juni
Nimepanda na mtoto, tochi na nepi zake kumi na mbili. Kila njia panda, nafunga nepi kwenye jiwe. Nyeupe pepepe, hata kipofu angeiona.

Sikujua mlima una tumbo zuri hivi. Mawe yananing'inia darini kama viwele vya ng'ombe, kila moja linadondosha tone lake bila haraka. Chini yake mengine yanaota kwenda juu, kuyapokea. Kuna kidimbwi cha maji maangavu mno, nimekikanyaga nikidhani ni pakavu. Mwanangu akacheka. Pango likacheka naye mara tatu. Akanyamaza, akalitazama giza kwa adabu.

Chumba cha mwisho kuta zinameta kama zimepakwa chumvi. Nikafunga nepi ya kumi na mbili. Nikarudi nikizifuata moja moja, kama bibi harusi anayefuata maua.

Jumatano, 5 Juni
Mama mkwe kauliza nepi ziko wapi. Nimemwambia zinakauka. Wapi? Mahali penye hewa nzuri.

Nimefanya mazoezi ya hotuba ya kumkaribisha mtafiti mbele ya mume wangu. Kasema nazungumza vizuri, lakini je, njia naijua? Watu wengine hawana imani.

Alhamisi, 6 Juni
Wifi kaenda pangoni kujikumbusha njia. Karudi kimya, na mfuko umejaa. Kakata tamaa, maskini. Nimemwonea huruma.

Ijumaa, 7 Juni
Siku gani hii!

Nilitangulia mimi, wifi akasubiri zamu yake mlangoni. Njia panda ya kwanza, hakuna nepi. Ya pili, hakuna. Nikashika kushoto kwa kujiamini. Tukapita kidimbwi mara tatu, na kila mara nikakitambulisha kwa mtafiti kwa jina jipya. Akayaandika yote matatu. Kisha akauliza, kwa upole, kama tumepotea. Nikasema mlima huwa unabadilika.

Hapo mwanangu mgongoni akalia akitaka kunyonya. Sauti ikajaa pango zima. Wifi akaifuata na taa yake mpaka akatukuta, akatupeleka chumba cha mwisho kama anakwenda jikoni kwake. Mtafiti kamuuliza kajifunzia wapi. Kasema kwa mbuzi.

Nyumbani nikakuta nepi kitandani. Zimefuliwa, zimekunjwa, zote kumi na mbili. Wifi kasema nilizisahau pangoni, akaona aibu mgeni azikute, akazisugua mpaka zikang'aa. Nikamwambia asante.

Jumamosi, 8 Juni
Wifi ndiye mwongozaji. Nilishaanza kukunja nguo za kiwandani alipoingia. Kamwambia mwenyekiti hakubali kazi mpaka awepo mtu wa kukaa mlangoni, kugawa taa na kuandika wageni, na mtu huyo ni mimi. Pamoja na mtoto. Kasema akipotea ndani, sauti ya mtoto itamrudisha.

Nililia kidogo. Nikamwimbia mwanangu mpaka akalala.

Jumapili, 9 Juni
Kukaa mlangoni si kuongoza, tuseme ukweli. Nimeona tundu jingine juu zaidi mlimani, na hata mbuzi hawalijui. Mtafiti bado yupo mpaka Jumatano.

Kosa langu lilikuwa weupe. Kitu cheupe humwita mfuaji. Pazia la mama mkwe ni la kijani, na tayari nimelikata vipande kumi na viwili. Akiuliza, nitamwambia linakauka.