Tofali Moja, Salamu Maria Moja

Kazi moja (Jumatatu), 4 Juni 1934
Frère Pierre, mutawa mukubwa wa kiwanja cha matofali cha misioni, ametangaza: kila kapita, musimamizi wa kazi, abadilishe jambo moja katika kazi ya bantu yake. Siku ya posho atapima faida. Atakayeshinda iko kapita mukubwa, na nyumba karibu na kanisa. Tuko wawili tu, mimi na Kunda. Nyumba yangu inavuja!
Kunda amechagua nini? Kivuli! Ameezekea bantu yake nyasi juu ya kichwa. Nikacheka, Mungu anisamehe.

Kazi mbili, 5 Juni
Badiliko langu iko takatifu. Bantu wanafyatua kwa zamu wakisali rozari: Salamu Maria moja, tofali moja. Tena sina haja ya kuhesabu matofali. Nahesabu rozari, mara hamsini. Leo rozari saba. Nimewaahidi: kesho wakimaliza kumi na nne, waende nyumbani.

Kazi tatu, 6 Juni
Kumi na nne, na saa nne haijafika! Nikamupelekea Frère karatasi: matofali mia saba. Akanishika bega. Kunda akaniuliza, ndugu yangu, hayo mia saba umeyalaza wapi? Kiwanja iko wazi. Nikamujibu, wivu iko zambi.
Germaine, bibi yangu, aliwakuta bantu yangu kwa Mama Constance wakinywa pombe yake ya munkoyo. Akasema, Baba Régine, wale hawasali, wanasema «Salamu, amina». Nikamwambia asichafue sala za bantu.

Siku ya posho, 9 Juni
Frère hakutazama karatasi. Alipita katikati ya mistari na fimbo, akahesabu matofali yenyewe. Ya Kunda, elfu moja mia mbili. Yangu, mia nne na kumi, mengi iko nusu tofali tu: amina ilifika kabla udongo haujajaza kalibu. Akamwambia Rigobert, mufyatuaji wangu wa kwanza, asali. Rigobert akamaliza Salamu Maria nzima kwa kukohoa mara moja. Frère akawa mwekundu.
Kunda ndiye kapita mukubwa. Mimi nitasimamia bachota maji. Germaine alisogeza sufuria chini ya tundu la paa.

Siku ya Mungu, 10 Juni
Katika misa nimeona kosa lote. Salamu Maria iko fupi mno! Kwa maji, ndoo moja, sala ya Nasadiki nzima. Bachota maji wamekubali mbio mbio, wakashangilia hata. Karatasi ya juma lijalo nimeshamaliza kuandika: ndoo elfu mbili. Imebaki tu kuzichota.