Kanuni Zangu za Muda wa Nyongeza

Jumamosi, 3 Mfungo Saba 1303

Kisima kimebaki na maji kiasi cha kuaibisha. Mtaa wetu wa Pwani na mtaa wa Minazini tunakichangia, na anayetangulia kuteka anapata maji. Anayefuata anapata tope. Asubuhi wanawake wamevutana mitandio. Wazee wakakata shauri: Ijumaa baada ya alasiri tucheze mpira wa magongo ufukweni, sita kwa sita. Mtaa utakaoshinda utangulie kisimani mpaka masika.

Nahodha wetu ni mimi, Nasser, muuza nguo. Nani mwingine? Nahodha wao ni Sadallah, mwenye goti la kulia lisilokunjika.

Mke wangu Kulthum ameniuliza mara ya mwisho nilikimbia lini. Swali la fitina.

Jumapili, 4

Kikao kwa Mzee Sharifu, mwamuzi. Mchezo utakwisha maji ya bahari yakifika kwenye kigingi. Je, tukilingana? Hapo akili yangu ikawaka!

Nikapendekeza muda wa nyongeza. Watatu kwa watatu, bila kuhesabu walinda lango. Bao la kwanza linamaliza mchezo papo hapo, hakuna kusawazisha. Adhana ya magharibi ikifika bila bao, kila upande utoe watu, mmoja mmoja, wapige wakiwa peke yao na mlinda lango.

Kisha nikaongeza, kama jambo dogo tu: nahodha lazima awe mmoja wa wale watatu.

Uwanja ule ule, watu nusu, na Sadallah na goti lake! Akakubali bila kubisha. Maskini. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatatu, 5

Kulthum amenikumbusha kwamba mimi pia ni nahodha.

Jumanne, 6

Nimemwendea Rajabu, fundi wa mashua, kijana mwenye mbio kuliko wote. Nimempa unahodha bure, kwa heshima zote. Akasema anaogopa wanawake wa mtaa tukishindwa.

Nimekwenda kwa Mzee Sharifu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu kabla sijakaa akasema lililopitishwa kikaoni halibadilishwi.

Jioni nikaamua kufanya mazoezi. Nimekimbia kuelekea Mbegani. Nimerudi kwa punda.

Ijumaa, 9

Niandike upesi kabla wengine hawajaeneza uongo.

Mtaa wote ulikuwapo. Mpaka maji yanafika kigingini tulikuwa tumefungana mawili kwa mawili. Yetu yote ya Rajabu. Mzee Sharifu akatangaza muda wa nyongeza, kanuni za Nasser. Watu wakanishangilia! Nilifurahi mpaka nilipoona wenzetu wakitoka uwanjani mmoja mmoja.

Tukabaki mimi, Rajabu na mwenzetu Mosi, na mlinda lango wetu aitwaye Mgeni. Uwanja ulikuwa mrefu kama njia ya kwenda Kerege. Sita kwa sita mtu anaweza kusimama nyuma ya mwenzake akaonekana ana kazi. Watatu kwa watatu hakuna pa kujificha. Mara mbili nilikaa chini. Mara ya tatu nilijilaza.

Sadallah hakujisumbua. Alichechemea mpaka karibu na lango letu akasimama pale, kaegemea gongo lake. Nikacheka. Wenzake wawili wakahangaika peke yao. Mpango wangu ulikuwa unafanya kazi!

Halafu Mosi akanipa mpira. Mbele yangu mlinda lango wao tu. Nikapiga. Wallahi nilipiga vizuri. Nikasikia kishindo, nikatupa gongo, nikapiga kelele kwamba bao limeingia, mchezo umekwisha. Mosi akanirukia. Rajabu akanirukia. Mgeni naye akakimbia kutoka langoni mwetu, uwanja mzima, kuja kunikumbatia.

Kishindo kile kilikuwa cha mpira kugonga mti wa lango. Mpira haukuingia. Mlinda lango wao aliuokota akaurusha mbali kwa Sadallah, ambaye kwa sababu ya goti alikuwa hajaondoka pale karibu na lango letu.

Alikwenda nao polepole. Sijaona mtu akienda polepole hivyo. Mimi nilikuwa chini ya watu watatu. Akausukuma ndani taratibu, kama anayemsogezea mgeni chai.

Bao la kwanza linamaliza. Mzee Sharifu aliikariri kanuni neno kwa neno, na akamtaja aliyeitunga.

Jumamosi, 10

Kulthum amesimama kisimani mpaka jua limepanda, amerudi na nusu mtungi, nusu ya hiyo nusu udongo. Amekaa barazani anachuja kwa kanga yake ya harusi.

Adhuhuri Shaikha, mke wa Sadallah, ameleta mtungi mzima wa maji safi. Akasema mumewe ananisalimu, na goti lake linauma sana leo. Kulthum akambusu mkono. Nami nikanywa. Maji matamu. Nilikaa kitako muda mrefu nikijiuliza kama mimi ni mtu wa hila mno.

Jumapili, 11

La, si mtu wa hila mno. Kosa lilikuwa dogo tu, nimeliona leo wakati wa kunyoa ndevu. Nimemtumia Mzee Sharifu salamu aitishe kikao, tudai mchezo wa marudiano. Mara hii katika muda wa nyongeza kuwe na mipira miwili kwa pamoja.

Mipira miwili! Sadallah ana gongo moja tu.