Uzinduzi wa Hifadhi ya Kijito, Endabash

Waheshimiwa mlioketi jukwaani, waheshimiwa wasaidizi wa waheshimiwa, wazee wa mila, mapadri, masheikh, wamiliki wa kampuni za utalii, wafugaji mliotembea kutoka Kakesio, na ninyi wananchi mliosimama juani: nawasalimu kwa ngazi zenu, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Leo tunazindua Hifadhi ya Kijito, Msitu na Ardhioevu, mradi ambao mimi binafsi, kwa unyenyekevu wangu unaofahamika wilaya nzima, niliubuni, nikauandikia andiko, nikaufanyia upembuzi yakinifu, semina nne na ziara ya mafunzo Zanzibar, ili mtalii anayekwenda Kreta kuona wanyama asimame hapa kwanza, aone msitu, aone ndege korongo, ashangae, apige picha. (Makofi hafifu.) Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. Hizo nne ni ziada, msiziogope.

(Mwanamke mwenye ndoo ananyoosha mkono.) "Mheshimiwa, mimi ni Marsela, nachota maji hapa tangu niolewe. Tulikubali kuondoa mifugo na bustani zetu ili chemchemi ipone. Mbona tangu juzi haionekani? Watoto wanywe nini?"

Swali zuri sana, mama, na lina vipengele vingi. Nikuhakikishie kwamba maji yako yamo kwenye mpango mkakati, ukurasa wa sitini, kwenye ramani, kwa rangi ya bluu.

"Ramani hainyweki, Mheshimiwa!" (Vicheko vya muda mrefu.)

Tuwe watulivu, tuna wageni. Kamera zielekee huku, si kwa mama.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Ndugu Wilibrodi, fundi wetu, aliyekata miti yote ya ukingoni tukapata nguzo na mbao za jukwaa hili imara. Nawashukuru vijana waliofyeka matete tukapata uwanja. Kipekee kabisa, namshukuru Ndugu Patrisi, dereva wa greda, aliyesambaza kifusi juu ya lile tope lote, chemchemi ikiwemo, tukapata maegesho ya misafara. Magari ishirini na mawili, na hakuna hata moja lililonasa! (Watu wanageuka kuyatazama maegesho.)

Kijito! Itikieni "Kidumu!" Kijito! ("Kidumu," sauti moja, ya Patrisi.)

Ahsanteni kwa usikivu wenu. Mradi wenyewe utaanza mara tu tutakapopata eneo lenye msitu na maji. Mama Marsela, nasikia dada yako aliyeolewa kijiji cha Qurus ana chemchemi nzuri. Mwambie tunakuja.