Birika la Mavyaa na Wale Askari Wake

Alhamisi, 12 Juni

Mavyaa kazikwa. Mungu amrehemu, ulimi wake ulikuwa wembe. Jumanne anakuja wakili wa mirathi kugawa vitu vyake kati yangu na wifi Mauricette. Nataka kitu kimoja tu: seti ya kahawa ya kauri, ya zamani, yenye askari wa Napoleon waliochorwa kwa mkono, kila kikombe na vita vyake. Miaka yote nimeiosha mimi. Mauricette hajawahi kushika hata kijiko! Sasa anaitaka. Basi nimelifunga birika kwa soksi za marehemu mume wangu, nikalitia kwenye kasha, nikalificha ghalani kwa jirani Anselme. Mwenyewe hajui. Seti isiyo na birika ataitaka nani? Wifi ataibeza, mimi nitajifanya naihurumia. Sikusoma, lakini akili ninayo.

Jumapili, 15 Juni

Balaa! Kila Juni kijiji kizima hutoa makorokoro ya ghalani na kuyauza barabarani. Nimeolewa hapa tangu usichana, imekuwaje nikasahau? Nimemkuta Anselme kwenye kiti cha kukunja, anatafuna soseji, kasha li wazi mbele yake. Soksi zipo. Birika hakuna! Akasema kaliuza, na hata hakujua kama alikuwa nalo. Kamwuzia nani? Eti mwanamke mwenye kofia. We mzee, jua lote hili, nani hana kofia? Akaniuliza, bibi, kwani linakuhusu nini? Nikanunua soksi.

Jumanne, 17 Juni

Kichwa kinazunguka. Wakili kageuza kila kikombe juu chini kama anatafuta kunguni. Yule mpanda farasi wa kwenye kikombe kimoja, mwenye koti jeupe, ambaye mavyaa alituambia ndiye babu yetu, eti ni Mwaustria. Tena anakimbia! Kwa hiyo kila Krismasi tulikuwa tunamwinulia adui glasi? Sikuelewa. Nikasema hata hivyo seti ni kilema, birika limepotea, acheni nijibebee mimi. Mauricette akafungua mkoba. Birika!

“Wifi yangu, ona bahati,” akasema, meno yote nje. “Nimelipata Jumapili kwa Anselme. Nikadhani ni pacha wa letu.”

Wakili akauliza, la nyumbani basi liko wapi? Nikatazama dari. Akaamua kwamba birika ni la aliyelinunua, na seti haitengwi na birika lake. Askari wote wamehamia kwa Mauricette. Hata yule mkimbizi.

Jumatano, 18 Juni

Sikulala, lakini nimeliona kosa. Nilificha kitu kikubwa mno! Imebaki saa ya ukutani ya mavyaa, tutagawiwa Ijumaa. Nimechomoa mishale yake miwili. Mauricette ataitaka saa isiyo na mishale? Thubutu! Mishale nimeitia mfukoni mwa koti kuukuu, koti nikalipeleka kanisani, nikalichomeka katikati ya rundo la makoti ambayo padri anawakusanyia maskini. Mahali patakatifu pale. Nani atagusa?